Kiraka cha Bati

Shevroleti ya baba haina injini.
Ngoja niliseme hilo mwanzo, maana kila apitaye uani kwetu Mtanda
huanza nalo yeye.
Injini iliuzwa mwaka ule korosho zilipolala ghalani,
ikaenda kusaga mahindi Ruangwa,
na nasikia inakohoa kikohozi kile kile.

Kilichobaki ni mwili,
na mwili una kutu.

Miaka kumi na tisa ilibeba chumvi,
magunia yanayovuja, mpaka Mingoyo na kurudi,
na baba, aliyefuta vioo kila Ijumaa kabla hajaoga mwenyewe,
hakuinama hata siku moja kutazama chini.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo ya gari ni rangi.
Humo chumvi ilikaa ikila taratibu, bila kelele,
kama mgeni mwenye adabu.

Mimi ni fundi cherehani. Gari silijui.
Najua kitambaa kilichochoka:
ukikivuta, chenyewe kinakuonyesha mpaka wapi.
Nikachukua bisibisi, nikabonyeza fenda ya kushoto,
ikazama hadi mpinini.
Nikabonyeza kando yake. Ikazama.
Tena.
Tena, mpaka chuma kikakataa, kikajibu: ti.
Hapo nikapiga mstari wa chaki.

Usishone kiraka juu ya uozo, mama alinifunza,
uzi utaondoka na nyama yake.
Basi nikakata. Nikakata mpaka nikaona haya,
mpaka jua likaingia pale baba alipokuwa akiweka miguu
na sisimizi wakapata njia ya mkato.

Kisha msasa. Bluu ninayoikumbuka,
chini yake rangi ya maziwa niliyoisikia tu,
chini yake kijani cha kabla sijazaliwa.
Na chini ya mlango wa dereva, puti nene kama ugali wa msibani,
na ndani ya puti, debe.
Debe la mafuta ya kupikia, limekatwa, likagongwa,
herufi bado zinasomeka: ZI SAFI.
Ribiti kumi na moja, mbili zimepinda.
Mshono mrefu, mshono mfupi,
mkono wa mtu anayefanya kazi usiku asionekane.

Baba huyu. Baba aliyesema mbele ya wageni
kwamba viraka ni kazi ya wasio na uwezo,
na mimi nimekaa palepale, sindano mdomoni.

Mchopa akaja na mashine yake ya kuchomelea.
Mifano nilikwisha kuikata kwa karatasi za mifuko ya saruji,
nimeacha pindo la nusu inchi kila upande.
Alitaka kuvuta mstari mmoja, aende zake.
Nikamwambia, piga bandi kwanza:
nukta hapa, nukta kule, acha ipoe.
Bati jembamba ukilichoma pamoja hujikunja
kama hariri chini ya pasi ya makaa.
Akacheka. Akapiga bandi.
Umeme ukakatika mara mbili, tukanywa chai mara mbili.

Kiraka cha baba nilikitoa, kilikwisha oza pembeni.
Sikukitupa. Sikukitundika ukutani pia, si picha.
Nimekikunja nne, kipo chini ya mguu wa cherehani
uliokuwa unacheza.

Fenda sasa ina praima nyekundu kama udongo wa Nachingwea.
Rangi ya juu bado, fedha bado,
na masika hayakusubiri.
Bi Somoe amesimama barazani kwangu, kanga kichwani, inachuruzika:
"Haya, na hilo gari lako litakwenda lini?"

Nikamfungulia mlango wa abiria.
Aliingia akinung'unika, akavua viatu bila kuambiwa.
Mvua ikapiga paa letu lote.
Nikainama, nikapitisha kiganja sakafuni,
kona ya kushoto, kona ya kulia, chini ya kanyagio la breki.

Pakavu.